Mpagani wa Ukurasa wa Saba

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza mbali nitajipendelea. Niliandika kijitabu cha jubilei ya parokia yetu kule Rombo, na katika ukurasa wa saba nikamwandika shangazi yangu mwenyewe kama mtu wa porini. Sikumtaja jina. Nilisema tu "kikongwe mmoja wa kitongoji cha juu", na kitongoji cha juu kina kikongwe mmoja tu ambaye hajabatizwa. Hata mbuzi wa kule wangejua ninamsema nani.

Shangazi huyo ndiye aliyenilea. Ni dada mkubwa wa baba, hakuolewa, alibaki kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo, na migomba yake na mibuni iliyozeeka. Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka sita kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwake kuliko kwetu. Alinisuka, alinichapa, alinikalisha karibu na moto mvua ya masika ilipokataa kukatika. Jumapili alinivalisha gauni, akanisindikiza hadi mlango wa kanisa, akageuka kurudi. Nikimwuliza kwa nini haingii, anajibu, "Humo mimi nilishaingia kabla hujazaliwa, hata paa halijawekwa."

Alikuwa anasema kweli. Kanisa lile la mawe lilijengwa yeye akiwa msichana. Mawe yalitoka chini korongoni, mtoni kabisa, na wasichana waliyapandisha kwa kichwa, mmoja nyuma ya mwingine, ngata za majani makavu ya mgomba utosini. Shangazi alibeba tangu mawe ya msingi mpaka kuta zikafika juu. Hadi leo ana mahali utosini pasipoota nywele, duara kama kisahani cha chai, na tulipokuwa watoto alituruhusu tupaguse.

Kanisa lilipokwisha, ndugu zake wote walibatizwa. Yeye hapana. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa amepofuka, na habari za kubatizwa alizikataa katakata. Alisema watoto wote wakienda upande ule, nani atabaki upande huu pamoja naye? Shangazi akasema, mimi nipo. Akakaa na mama yake kipofu miaka yote, akamlisha, akamwogesha, akamzika. Baada ya hapo akawa ameshazoea. Akipika mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, kata ya kwanza huwamwagia wazee makaburini, chini ya mimea ya masale, anawaita mmoja mmoja kwa majina, anawapa habari za nyumbani: nani kazaa, nani kafaulu, ng'ombe gani anaumwa. Kisha anakunywa yake. Basi. Huo ndio upagani wake wote.

Na mbege yake ilikuwa tamu, usinitanie. Hakukuwa na sikukuu ya parokia ambayo akina mama wa jumuiya hawakwenda kwake kuchukua pipa. Naye hapo ndipo alipopata njia ya kufika kanisani. Alifuatana na pipa lake mpaka uani kwa kanisa, akaonja wa kwanza mbele ya watu kama desturi inavyotaka, ili wageni wajue kinywaji ni salama, halafu akakaa kwenye benchi pembeni ya ule ukuta, mgongo umeegemea mawe. Mwaka mzima huo ndio ulikuwa wakati wake wa kukaa pale na wenzake.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nafundisha katika chuo kimoja hapo Moshi mjini, naishi mtaa wa Njoro, na hapa ndipo aibu yangu inapozidi, kwa sababu somo ninalolipenda kuliko yote ni lile linalonishtaki. Nafundisha jinsi waandishi Wakristo wa Ulaya ya Zama za Kati walivyowaeleza Waslavi waliokuwa bado hawajabatizwa.

Waslavi hao waliishi mashariki ya mto Elbe hadi pwani ya Baltiki, na kwa muda mrefu waliikataa dini ya majirani zao Wasaksoni. Wao hawakutuachia vitabu. Karibu kila tunachokijua kuhusu ibada zao tumekipata kwa mapadre na watawa wa upande wa pili, watu wenye wino na wenye sababu zao. Maaskofu walitaka majimbo, wakuu walitaka ardhi. Kwa hiyo ukisoma mle, Mslavi ni mkatili, haaminiki, ahadi yake haidumu, mara anafananishwa na mbwa. Sanamu lake lina vichwa vinne. Ana mungu mweusi. Karamuni anazungusha bakuli na kulisemea maneno, na mwandishi anahakikisha umeelewa kwamba hayo ni maneno ya laana. Kuhani wake anachungulia pembe iliyojazwa kinywaji mwaka jana, aone kama kimepungua, ndipo awaambie watu habari za mavuno.

Darasani nilikuwa nachangamka, nagonga meza. "Angalieni mwandishi amesimama wapi!" nawaambia. "Wengine hawakumwona Mslavi akisali hata siku moja. Wamenakili kwa wenzao, na wenzao wamenakili vitabu vya zamani zaidi vilivyowasema watu wengine kabisa. Halafu tafuteni mahali mwandishi alipojisahau." Maana wanajisahau. Katikati ya matusi yote, mmoja anaponyokwa na maneno kwamba hakuna watu wakarimu kama hawa, kwamba kwao mgeni hana haja ya kuomba malazi. Anasema pia kwamba kwao huoni ombaomba, kwa sababu mtu akiugua au akizeeka, wa ukoo wake wanamchukua na kumtunza. Sehemu hizo nilikuwa nazisoma taratibu, darasa linatulia, na mimi najiona mwanamke mwenye haki kweli kweli.

Sasa mwenyekiti wa kamati ya jubilei akanipigia simu. Ni mzee wetu, mkulima wa kahawa, mtu mpole. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye msomi wetu. Tuandikie historia ya parokia, watu wasome, na baba askofu akija aikute." Kichwa kikanivimba palepale. Baba askofu! Nikakubali kabla hajamaliza.

Niliandika likizo ya Pasaka. Na nilipofika kwenye sura ya mwanzo, ile ya kabla ya Injili, sijui niseme nini, mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa na vijitabu vya parokia nyingine mezani, navyo vilikuwa vimenakili vingine, na vyote vinaanza na giza. Nami nikaanza na giza. Niliandika kwamba babu zetu walikuwa watumwa wa mizimu, wakiishi pasipo sheria wala huruma. Pasipo sheria, jamani! Watu waliogawana maji ya mfereji kwa zamu, na mpaka leo ukifungua maji siku isiyo yako utaitwa na ukoo mzima ujieleze. Pasipo huruma, mimi niliyemwona shangazi akimtafunia mama yake kipofu nyama kwa sababu meno yalikwisha.

Ila ilikuwa inasomeka vizuri. Hicho ndicho kilichoniponza. Nikaongeza kwamba mabaki ya giza hilo bado yapo, kama vile kikongwe mmoja wa kitongoji cha juu ambaye hadi leo humwagia miti pombe na kuzungumza na wafu. Nikaona nimetia rangi. Mwandishi anapenda rangi.

Na mawe? Usidhani niliyasahau. Mwenyekiti alipokuja mjini kuchukua kazi, aliisoma palepale sebuleni kwangu, miwani imeshuka puani, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Akafika kwenye ujenzi wa kanisa, pale nilipoandika kwamba waumini wa kwanza walibeba mawe kwa imani yao. Akanyanyua uso.

"Mwalimu, lakini walibeba na wale ambao hawakubatizwa. Shangazi yako si alibeba?"

"Alibeba, mzee."

"Basi si tumweke?"

Nikamwambia, kwa sauti ileile ninayoitumia darasani, kwamba tukiwaingiza hao hapo tutaharibu mtiririko. Kwamba ukurasa wa saba umesema giza, sasa ukurasa wa kumi giza hilohilo linabeba mawe ya kanisa, msomaji atachanganyikiwa. Mzee akatikisa kichwa polepole. "Haya, wewe ndiye unayejua mambo ya vitabu," akasema, akakunja karatasi zake. Mkulima wa kahawa aliona alichotakiwa kuona mwanahistoria, nami nikamnyamazisha kwa neno mtiririko.

Wiki tatu kabla ya jubilei kijitabu kikazinduliwa baada ya misa. Nilipanda mimbarini mwenyewe kusoma sehemu ya mwanzo. Nilivaa kitenge kipya. Nilipofika kwa kikongwe wa kitongoji cha juu, kanisa likacheka, kicheko cha watu wanaomjua mtu, na mimi nikangoja wamalize kucheka ndipo niendelee. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyataja. Ningeweza kuruka mistari miwili. Nilingoja kicheko kiishe kama msanii jukwaani. Wakapiga makofi, nikanywa soda na mapadre, nikarudi Moshi bila kupita kwa shangazi. Nilijiambia nimechelewa. Sikuwa nimechelewa hata kidogo, ilikuwa saa saba mchana.

Aliyenizindua ni mwanafunzi wangu, mama mtu mzima wa Majengo, Mwislamu, fundi wa kushona aliyeamua kurudi shule watoto walipokua. Alikuja ofisini kufuata kazi yake niliyokuwa bado nasahihisha. Akakaa, akaona kijitabu mezani, akaanza kukisoma. Baada ya muda akauliza, bila utani wowote usoni, "Mwalimu, na huyu naye ni Mslavi?"

Nikacheka. Nikatazama kidole chake kiko wapi. Ukurasa wa saba.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Ni vile ulitufundisha tutafute mahali mwandishi alipojisahau. Nimetafuta hapa, sijapaona."

Lo! Nikampa kazi yake, sijui hata nilimpa alama gani, nikafunga mlango. Wale watawa ninaowakaanga darasani kila mwaka, waliokuwa na vita na Waslavi, waliopoteza ndugu na makanisa mikononi mwao, angalau walishindwa kuficha kwamba adui yao alimkaribisha mgeni na kumtunza mzee wake. Mimi sikuwa na vita na mtu. Nilimwandika aliyenisuka nywele, na sikuponyokwa na neno jema hata moja. Nilikuwa macho mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi, kesho yake ikiwa jubilei, nikapanda Rombo. Pale sokoni Mkuu nilinunua sukari, mkate na kanga, kama mtu anayekwenda kuona mgonjwa, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitapiga magoti. Nitasema yote. Nitamwomba mwenyekiti arekebishe.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anamenya ndizi. Amepungua, shangazi, amekuwa mwepesi kama gunzi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu, mbona umebeba vitu kama mkwe?" Akacheka. Mimi nikacheka na macho yangu yakatua kwenye pipa lililokuwa chini ya upenu, limefunikwa majani ya mgomba. Harufu yake naijua tangu utoto. Mbege imeiva, tayari kunyweka.

"Hawajaja kuchukua?" nikauliza.

"Walikuja asubuhi. Wamesema kamati safari hii imeamua soda." Akakata ncha ya ndizi, akaitupa kwenye beseni. "Nikawauliza, hata ya wazee watatu wanne? Wakasema tusihangaike, bibi. Sijui wamepatwa na nini. Hata salamu walinipa wakiwa wima."

Aliniambia pia kwamba alishafua nguo ya kwenda nayo. Ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, gauni la bluu na kilemba chake. Nikaelewa kwamba mpaka asubuhi ile alikuwa anahesabu kesho atakaa kwenye benchi lake. Bila pipa hawezi kwenda. Atakwenda kama nani?

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa mdomoni, naapa. Badala yake nikasema, "Nitaongea na mwenyekiti," kama mtu wa ofisini.

Akaosha mikono, akaifuta kwenye kanga ya zamani. "Wanasema umeandika kitabu cha kanisa. Umekuja nacho?"

Kilikuwemo kwenye mkoba. Nilikichukua ili nimwonyeshe kosa langu.

"Nisomee," akasema. "Macho yangu na maandishi hayajawahi kujuana. Nisomee pale mwanzo, habari za zamani."

Nikafungua. Nikafika ukurasa wa saba. Nikatazama ile mistari, nikamtazama yeye amekaa vizuri, mikono mapajani, kichwa kimeinamishwa upande kama mtu aliye tayari kusikiliza habari njema. Yesu na Maria, sikuweza. Nikaanza kusoma yasiyokuwepo.

Nilisoma kwamba kabla ya Injili wazee wetu walikuwa na sheria za maji na sheria za ardhi. Nilisoma kwamba mgeni hakulala nje, na kwamba mzee hakuachwa. Kurasa nazigeuza kwa wakati wake, macho nayashusha mstari kwa mstari, sauti imetulia. Miaka ishirini ya ualimu, sikuwahi kusoma vizuri namna ile. Nikafika kwenye ujenzi wa kanisa. Nilisoma kwamba mawe yalitoka korongoni, kwamba waliobatizwa walibeba na wasiobatizwa walibeba, na kwamba alikuwepo msichana mmoja wa kitongoji cha juu aliyebeba toka msingi mpaka juu, akabaki na alama utosini, na kwamba hakubatizwa kwa sababu alibaki kumtunza mama yake kipofu. Sauti ilinikatika hapo, nikajifanya nakohoa.

Nilimtazama shangazi. Nilidhani amefurahi. Nilifika mahali pa kujipongeza moyoni, Mungu anisamehe, nikisema kwamba angalau leo amesikia, na toleo la pili nitaliandika hivihivi, na ile iliyochapishwa haina haja ya kumfikia.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Mbona kanisani hukuyasoma haya?"

Sikumwelewa upesi.

"Wameweka spika mpya kwa ajili ya sikukuu. Zinasikika mpaka huku. Nilikuwa pale chini napalilia, nikasikia sauti yako, nikaacha jembe nikakaa nisikilize. Nilisikia yote. Na walipocheka nilisikia."

Nikatamani anitukane, anitupie hata hilo beseni la maganda. Hakunitukana. Aliongea taratibu, kama anayemweleza mtu njia.

"Sikukasirika, mwanangu. Nilisema huyu mtoto amekaa mjini muda mrefu, mambo ya hapa yamemtoka. Habari ya mawe imemtoka, habari ya mama yangu imemtoka. Mtu aliyesahau utamlaumu nini? Nikakusamehe siku ileile, nikarudi kwenye jembe langu." Alinitoa kijitabu mkononi polepole, akakifunga, akakiweka juu ya ndizi zilizomenywa. Ndipo akanitazama, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kuona macho yake yamelowa.

"Kumbe hukusahau," akasema.